Kosa la Mpiga Chapa

Katika barua ya kunishukuru kwa utumishi wangu wameandika kwamba nilikuwa nguzo ya ofisi. Nimeisoma mara mbili. Nguzo ni kitu kinachosimama palepale miaka nenda miaka rudi, watu wanakiegemea wakipiga soga, na huangaliwa siku ya kupaka rangi tu. Kwa hiyo sina ugomvi na neno hilo. Nina ugomvi mdogo na herufi: mimi naitwa Nyangeta, wao wameandika Nyangeka. Aliyeichapa ni mmoja wenu, na ninamjua.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mnaobaki katika chumba kile chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mliniomba niwaachie uzoefu. Vyeo sitavieleza, maana nilipewa viwili tu, na cha pili kilinikuta nimeshavaa miwani. Mishahara nayo haitoshi kujaza aya. Nitaeleza kazi yenyewe, vifaa vyake, aliyenifundisha, na karatasi moja niliyosaini mwaka wangu wa mwisho, ambayo imo kwenye jalada langu na kila mwenye ufunguo wa kabati anaweza kuisoma.

Nilianza kazi katika ofisi ya serikali upande wa Mirongo, chumba cha wapiga chapa, wanawake saba na mashine saba. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima na nikakalishwa mbele ya taipureta iliyokuwa nzito kuliko mimi. Mkuu wa chumba alikuwa Bi Perpetua, Mkerewe mnene mwenye sauti nyembamba na rula ya mbao. Aliifunika mashine yangu kwa kitambaa cha mezani, akaniambia nipitishe mikono chini yake na nichape bila kuona. Nikajaribu kuchungulia. Rula ikatua kwenye meza, karibu sana na mkono wangu.

"Nyangeta, usitazame kidore," alisema. "Tazama kalatasi."

Hapo ndipo nilipojua niko kwa watu wa kwetu. Mimi ni Mjita, na kwetu L na R ni ndugu wanaoazimana nguo. Leo amevaa huyu, kesho yule, na hakuna anayeuliza. Kwa Wakerewe ni hivyohivyo. Sasa mwanamke anayesema kidore na kalatasi ndiye aliyepewa kazi ya kunifundisha kuandika Kiswahili cha Serikali bila kosa. Na alinifundisha! Kwa Bi Perpetua, mdomo na vidole vilikuwa idara mbili zisizoandikiana barua.

"Mdomo ni wako, sema utakavyo," aliniambia. "Kidore ni cha Selikari."

Njia yake ilikuwa rahisi. Herufi ya L iko kulia, na neno kulia lina L ndani yake. R iko kushoto, kwa kidole cha shahada. Kila neno lenye moja ya herufi hizo ulijifunza kwa mkono, si kwa sikio: barua ni kushoto, balaa ni kulia hata usikie nini. Kwa miezi mitatu nilichapa maneno hayo chini ya kitambaa, mpaka vidole vyangu vikawa vinajua Kiswahili kuliko mimi. Mpaka leo nikisita namna ya kusema neno mbele ya wageni, huwa nalichapa kwanza kwenye paja.

Taipureta ilikuwa haisamehe. Nakala tano, kaboni nne katikati, na ukikosea herufi moja unakwangua kwa wembe mara tano. Wakubwa walioandika barua hizo kwa mkono hawakukwangua chochote. Wao walikuwa na maneno manne ya kuwatosha maisha yao yote ya kazi: kosa la mpiga chapa. Mkubwa akisahau tarehe, ni kosa la mpiga chapa. Akimtukana mkuu wa idara nyingine kwa barua na baadaye akasikia kwamba ni shemeji ya fulani, ni kosa la mpiga chapa.

Nilikuwa sijamaliza mwaka mmoja mkubwa wetu mmoja alipoita semina ya wenyeviti wa vijiji. Katika barua aliyoiandika kwa mkono wake alitaka kila mwenyekiti aje na kalamu yake, ila mwandiko wake ulikuwa unasema kama yeye anavyosema: kila mjumbe aje na karamu yake. Mimi mgeni, nikaona ni amri ya wakubwa, nikachapa kama ilivyo. Siku ya semina wakaja na mbuzi wawili, gunia la mchele na mama wa kupika. Hakuna aliyekuja na kalamu. Mkubwa akasimama mbele yao, akacheka, akasema lile neno lake, wote wakanigeukia. Mchana akala mguu wa mbuzi bila kinyongo chochote.

Tangu siku hiyo nikaanza kusafisha. Hilo ndilo jina tuliloipa kazi hiyo: kusafisha. Mkubwa anaandika kama anavyosema, mpiga chapa anasoma, anajua alichotaka kusema, anaweka herufi mahali pake, na mkubwa akisaini anajiona bingwa wa lugha. Hakuna mwongozo wa utumishi unaoitaja kazi hiyo. Nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote vidole vyangu havikuwahi kuweka R penye L wala L penye R. Nasema hivyo kwa majivuno. Wengine wana nyumba za ghorofa mtaa wa Pasiansi. Mimi nina hilo.

Kompyuta zilipokuja tuliambiwa tupumzike, mashine itasafisha yenyewe. Ile yangu haikujua Kiswahili hata salamu. Ilipiga mstari mwekundu chini ya kila neno, kuanzia jina la Mungu mpaka jina la mdaiwa, na kwa vile kila kitu kilikuwa kosa, hakuna kilichokuwa kosa. Wakati huo nilikuwa nimehamia baraza la ardhi ambalo nyinyi mnalijua na wengine hawana haja ya kulijua. Pale tulisikiliza mashauri ya viwanja na mashamba, na kurasa zikaongezeka kuliko zamani, kwa sababu kufuta kulikuwa rahisi na kila mtu akawa mwandishi.

Mikono ikaanza kuuma. Kwanza ganzi kwenye vidole vitatu, halafu maumivu ya kifundo yanayopanda mpaka kwenye kiwiko. Kusonga ugali kukanishinda, nikahamia kwenye wali, na mume wangu akadhani tumeendelea. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaniambia niiache. Nilimshukuru. Alipoona siondoki akaongeza kwamba zipo kibodi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi, zimepinda katikati ili mikono ikae kama ilivyoumbwa, na vipanya vya kushika kwa ubavu. Nikaandika barua ya kuomba. Nilitafuta pia madukani Mirongo, nikaonyeshwa kibodi zinazowaka taa za rangi saba, za kuchezea michezo. Muuzaji alinihakikishia kwamba zile taa zinasaidia mishipa.

Barua yangu ilikaa mwaka na zaidi. Nikajua imejibiwa siku niliposoma hati ya mapokezi, kwa sababu mimi ndiye niliyeichapa: "Baobonye na kipanya visivyo na waya, vya kulinda viungo vya mtumiaji, seti moja." Ofisa ugavi wetu ni mtu wa Kiswahili sanifu, kwake kibodi ni baobonye, na sijawahi kusikia mtu mwingine akilisema neno hilo bila kulazimishwa. Aliandikisha kila kitu kwa rangi nyeupe na brashi. Namba ya kibodi aliiandika mgongoni. Namba ya kipanya aliiandika tumboni, juu kabisa ya lile jicho lake, na kipanya kikawa kipofu kabla ya siku yake ya kwanza kazini. Happiness, ofisa wetu wa TEHAMA, alikaa nusu siku akikwangua rangi kwa pini ya nywele.

Seti ikaenda kwa Mwenyekiti wa baraza. Niliuliza. Nikaambiwa vifaa vipya huanzia ofisi ya mkuu, na pia viungo vya Mwenyekiti ni viungo.

Mwenyekiti huyu wa mwisho alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, hodari wa sheria, si mla rushwa, na hayo nayasema bila kejeli yoyote, ila ndiyo pekee. Ugonjwa wake ulikuwa Kiswahili. Alipenda maneno makubwa kama wengine wanavyopenda saa za mkononi. Hakusema haraka, alisema hima. Hakusema ukoo, ukoo kwake lilikuwa neno la mtaani. Alisema mbari. Shamba la ukoo lilikuwa shamba la mbari, mkutano wa ukoo ulikuwa kikao cha mbari, na wazee wa watu kutoka vijijini walimtazama kwa heshima wasijue anazungumzia nini.

Alipofungua kisanduku akaita ofisi nzima. "Mmeletewa mbovu," alisema. "Imevunjika katikati."

Happiness akamweleza kwamba ndivyo ilivyo. Nusu ya herufi ziko kushoto, nusu ziko kulia, katikati kuna bonde, na kila mkono unakaa upande wake. Maelezo hayo yalikuwa kwa mtu anayetumia mikono. Mwenyekiti alitumia vidole viwili, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha akiba. Kidole chake cha kulia kilikuwa kinasafiri kutafuta B, kinatumbukia bondeni, kinarudi. Kipanya kilisimama wima, ukikishika ni kama unampa mtu mkono, na yeye aliwahi kukisalimia hivyo nusu saa nzima kabla hajajua kimezimwa. Betri zilipokwisha, zikachukuliwa za saa ya ukutani. Ofisi ya Mwenyekiti ikawa saa nne na dakika kumi kwa muda wote niliobaki kazini.

Hata hivyo hakuitoa. Nilimwendea kwa adabu nikamwomba, nikamwonyesha kifundo kilivyovimba. "Mama, imeandikishwa chumba hiki," alinijibu, na kweli ilikuwa imeandikishwa. Kwa hiyo nilifanya nilichoweza. Alipokwenda likizo, Happiness alininong'oneza kwamba kile kidude kidogo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, kisichozidi ukucha, ndicho kila kitu. Ukikihamisha, kibodi nayo imehama. Nilikihamisha wiki mbili. Siku ya kwanza nilipoweka mikono juu ya ile kibodi iliyopinda nilitaka kulia, na sioni haya kusema. Mabega yalishuka. Na R ilikuwa kwenye kipande chake cha kushoto, L kwenye kipande chake cha kulia, na bonde katikati yao. Laiti Bi Perpetua angekuwa hai! Mwenyekiti aliporudi alisema kibodi yake imezoea mtu mwingine.

Baadaye ukaja utaratibu kwamba mwenyekiti achape mwenyewe maelezo ya mashahidi palepale barazani, wakati shahidi anasema, yaingie moja kwa moja kwenye kompyuta. Mpiga chapa akabaki kuyapokea jioni, kuyasafisha na kuyatoa kwenye karatasi. Mwenyekiti akaihamishia kibodi yake iliyovunjika kwenye meza ya baraza, mbele ya watu, na akawa anachapa kama anavyosema. "Mdai anasema arinunua kiwanja." "Shahidi anasema jilani yake arihama." Nilisafisha. Pia aliandika kidogo kuliko kilichosemwa, kwa sababu vidole viwili vina mwendo wao, na shahidi haongei kwa mwendo wa kidole.

Sasa ndiyo nafika kwa Mama Kabula.

Mama Kabula alikuwa mjane wa makamo ya uzee, Msukuma wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na mashamba mawili. La kwanza lilikuwa nyumbani, la urithi wa ukoo wa mume. Mume alipofariki shemeji akalichukua, na mama hakubisha. La pili walilisafisha wenyewe, pori tupu, yeye na mume wake, na sasa shemeji alilitaka na hilo, ndipo mama akamshtaki. Shauri lilikuwa jepesi kulieleza: kama lile la pili nalo ni la ukoo, linakwenda kwa shemeji. Kama walilifungua wenyewe, ni la mama. Hana jingine la kulima.

Siku alipotoa ushahidi nilikuwa mle ndani nikipanga vielelezo. Mwenyekiti alimuuliza shamba linalobishaniwa liko wapi. Mama akajibu, nakumbuka neno kwa neno: "La nyumbani liko nyumbani, wamechukua, sikusema kitu. Hili ni shamba la mbali. Ukitoka alfajiri unafika jua limeshapanda."

Nitakuwa mkweli. Ile herufi mdomoni mwake ilikuwa katikati, si L si R, kama inavyokuwa mdomoni mwangu. Mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza anaitafuta B bondeni. Alipoipata akaandika, na yale ya alfajiri na jua kupanda yakapita bila kuandikwa. Shemeji alikuwa na wakili, kijana mtanashati mwenye kompyuta yake mwenyewe ya mapajani. Nilimwona akitabasamu, sikujua kwa nini.

Nilijua nilipopokea kurasa. Ilikuwa Jumatano, na hukumu ilikuwa isomwe Ijumaa. "Swali: Shamba linalobishaniwa liko wapi? Jibu: Hili ni shamba la mbari." Chini yake rasimu ya hukumu: kwa kuwa mdai mwenyewe amekiri kwa kinywa chake kuwa hilo ni shamba la mbari, baraza halina budi kumpa mdaiwa. Mama wa watu alisema shamba liko mbali, likaandikwa ni la ukoo, na kwa herufi moja alikuwa ameligawa mwenyewe.

Niliweza kubonyeza mara moja tu, na ningemaliza. Nawaambia ukweli, kidole kilikuwa kimeshafika. Lakini sheria ya kusafisha, ile tuliyojiwekea, ni kwamba unasafisha neno lisilo neno. Arinunua si neno, unalisafisha. Mbari ni neno. Na hukumu nzima ilikuwa imejengwa juu yake, nisingeweza kusafisha msingi nikaacha nyumba. Nikachukua kurasa, nikamfuata Mwenyekiti kwenye meza yake ya barazani.

"Mheshimiwa, hapa pana neno."

"Lisafishe, mama."

"Ni safi tayari. Ndiyo shida yake."

Nikamwonyesha. Akanitazama kama nimemwambia amevaa shati kinyume. "Nirisikia mbari," alisema. "Nimechapa kwa mkono wangu."

"Ulimuuliza liko wapi, Mheshimiwa. Mtu akiulizwa kitu kiko wapi hajibu ni cha ukoo. Na alisema ukitoka alfajiri unafika jua limepanda. Hilo hukuliwahi."

Akaisoma karatasi, midomo inatembea. Akaisoma tena kuanzia kwenye swali lake mwenyewe. Nilimwona anafika. Nilisema hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, na sikio lake likapata rangi.

"Nikisema nilisikia vibaya," akasema taratibu, "yule wakili atasimama palepale aniombe nijitoe. Shauri litaanza upya, kwa mwenyekiti mwingine. Mwaka, miaka miwili. Mama yule atalima wapi?"

"Hatalima."

"Lakini likiwa ni kosa la uchapaji..." Hakumaliza.

"Nani alichapa, Mheshimiwa?"

"Si wewe ndiye unayesafisha? Useme wakati wa kusafisha kidole kiliteleza. Tunasahihisha, namuuliza mama swali upya mbele ya wote, tunaendelea. Dakika tano."

Nilisimama pale nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kazini, hata siku ya mbuzi. Zaidi ya miaka thelathini nimevaa makosa ya wanaume hawa kwa mdomo tu. Sasa nilitakiwa niyaandike na kuyasaini. Na si kosa lolote, lile lile moja ambalo sikuwahi kulifanya. Labda aliona, kwa sababu alifanya kitu cha ajabu. Akaivuta ile kibodi, akaisukuma kwangu juu ya meza, na kipanya juu yake. "Chukua," alisema. "Nitamwambia ugavi abadilishe namba."

Nikaikataa. Nilimwambia nikiichukua nitakuwa nimeiuza mikono yangu kwa plastiki. Nilijuta kabla sijafika mlangoni, maana kifundo kilikuwa kinawaka moto, lakini nilikuwa nimeshakataa.

Maelezo yangu niliyachapa kwenye kibodi ya zamani, mistari minne. Mimi Nyangeta, mpiga chapa, wakati wa kusafisha maelezo ya mdai, nilibonyeza R mahali pa L. Nikasoma mara tatu kama hakuna kosa. Hakukuwa na kosa. Nikasaini.

Ijumaa baraza lilijaa. Mwenyekiti akasoma maelezo yangu, akasema baraza litamrudisha mdai kwenye kiti kwa swali moja. Wakili akasimama.

"Mheshimiwa, naomba nimuulize mpiga chapa." Akanigeukia. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kibodi ya baraza tunaiona pale mezani. R iko kipande hiki, L iko kipande kile, na katikati kuna bonde. Kidole chako kiliruka?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akajishughulisha na faili.

"Hiyo ni ya wakubwa, baba," nilimjibu. "Mimi natumia ya kawaida. Na vidole vyangu vimezeeka, vinakwenda vinakotaka."

"Hata kwenye ya kawaida herufi hizo haziko karibu."

"Haziko karibu, baba. Ziko mbali."

Nilisema neno hilo kwa L safi kabisa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Wakili alitaka kuendelea, akaona watu wanacheka upande wangu, akakaa. Mama Kabula akaitwa, akaulizwa shamba ni mwendo gani. Akaanza kueleza njia, kutoka kwake alfajiri, mto wa kwanza, mto wa pili, mahali wanapopumzika, jua linavyopanda, na mwaka walipoufyeka msitu yeye na marehemu, yeye akiwa mjamzito. Alieleza mpaka Mwenyekiti akanyoosha mkono kumwomba apunguze mwendo, anamwacha nyuma. Safari hii aliandika yote. Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata: shamba ni la mama.

Nilikutana naye kwenye korido siku hiyo, ameshika nakala yake, ameizungushia kitenge. Mimi ndiye niliyeichapa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamkimbilia.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

Hakuitikia. Alinitazama usoni, halafu akanitazama mikono.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi na marehemu tulifyeka pale tukalala chini ya miti. Wewe umekaa kwenye kiti, na kidole kimoja, unataka unipokonye umpe shemeji. Kama mikono imechoka si uache kazi, waje wenye mikono?"

Mwenyekiti alikuwa anapita na faili zake. Alisikia kila neno. Akasalimia kwa kichwa, akaingia ofisini kwake, kwenye saa nne na dakika kumi, akafunga mlango.

"Naacha mwezi ujao, mama," nilisema. "Nisamehe."

Akafikiri. Akaikaza ile nakala ndani ya kitenge. "Nitakusamehe nikishavuna," alisema, akaenda zake.

Nasikia ameshavuna mahindi, na viazi pia. Mimi bado nasubiri.